Jino Lililookotwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Meno ya Kale Tabora na Kigoma

Haya ni majibu kwa wachungaji, wachimba visima, wafyatua tofali, wachimbaji wadogo wa dhahabu na wanafunzi wanaoniletea jino limefungwa kwenye kitambaa na kuniuliza ni la nini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Igunga, si ofisa wa makumbusho. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine yanatosha kwa mstari mmoja.

Mwalimu, nimeokota jino. Nianze na nini?

Anza na mahali. Kabla hujaligeuza jino mara ya pili, fungua ramani kwenye simu uhifadhi alama ya pale ulipo. Kama simu yako ni ya kitochi, chukua karatasi uandike kijiji, kitongoji, jina la korongo, uko upande gani wa njia, na ni hatua ngapi kutoka kisima au mti unaojulikana na kila mtu.

Kisha andika ulilikuta vipi. Lilikuwa limelala juu ya ardhi? Lilikuwa kwenye mchanga wa mtoni? Au lilikuwa limeshikwa na udongo kwenye ukuta wa korongo? Uzito wa majibu hayo haulingani. Jino lililoshikwa na udongo ni la tabaka hilo, na umri wa tabaka ukijulikana, umri wa jino nao unajulikana. Lililolala juu ya ardhi linaweza kuwa limeporomoka kutoka tabaka lolote la juu yake, au limeangushwa na mbwa jana jioni. La mchanga wa mtoni limebebwa na maji, na hakuna ajuaye limetoka wapi.

Ukilikuta ukutani, liache hapo. Usilichokoe kwa kisu wala kwa jembe. Lipige picha, kisha upige na picha ya ukuta wote mtu akiwa amesimama pembeni ili ukubwa uonekane.

Watu hushangaa ninapouliza "wapi" kabla ya kulishika jino. Swali la "ni la nani" lina majibu mengi, na "wapi" ndiyo inayoyapunguza. Jino lisilo na mahali, hata likiwa zuri namna gani, nitalitaja jamii yake tu, basi.

Nitajuaje kama ni kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, au ni la ng'ombe aliyekufa mwaka juzi?

Kwanza ondoa mawazo kwenye rangi. Jino jeusi si lazima liwe la kale. Udongo mweusi wa mbugani na madini ya manganizi hulipaka jino rangi kwa muda mfupi, na jino lenye umri wa mamilioni ya miaka linaweza kutoka ardhini likiwa na weupe wa maziwa. Hata vinywani mwetu ni hivyo hivyo. Maji ya visima vingi vya Singida, Shinyanga na sehemu za kaskazini mwa Tabora yana floridi nyingi, na wengi wetu tuna meno ya kahawia tukiwa hai na afya njema.

Uzito unasaidia kidogo. Kisukuku huwa kizito kuliko jino la kawaida la ukubwa uleule, kwa sababu madini ya ardhini yamejaza vitundu vilivyokuwa wazi. Kigonge taratibu na kijiwe: mara nyingi hulia kama kigae, wakati jino bichi hutoa mlio mzito uliofifia. Angalia pia ndani ya mzizi. Ukikuta mchanga uliogandamana, mgumu kuliko kucha, hiyo ni dalili nzuri. Ukikuta udongo laini unaotoka kwa njiti, si dalili ya chochote.

Kuna watu wamefundishwa kulamba, kwamba kitu kikinata kwenye ulimi basi ni mfupa. Huko mbugani usilambe. Ng'ombe na pundamilia hufa kwa kimeta, na vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mifupa kwa miongo mingi. Kwa sababu hiyohiyo, nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika mfupa wowote wa porini.

Kuchoma kwa sindano ya moto nako sikupendi. Ni kweli jino bichi likiungua hunuka nywele zilizoungua, maana bado lina protini, na kisukuku cha zamani sana hakinuki. Lakini umeshalichoma, na alama haifutiki.

Kwa nini tunaokota meno tu, mifupa mingine iko wapi?

Kwa sababu ya enameli, lile ganda gumu linalong'aa. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na hakuna kitu kigumu kuishinda katika mwili wa mnyama. Fisi huvunja mfupa wa paja, nungu huutafuna uliobaki, mvua na jua humaliza kazi. Jino hubaki. Isitoshe mnyama mmoja ana meno mengi na fuvu moja.

Hivi kweli Tabora kuna visukuku? Mbona tunasikia Olduvai tu?

Vipo. Bonde la Mto Manonga, linalopita kati ya wilaya za Igunga na Nzega upande wetu na mkoa wa Shinyanga upande wa pili, ni eneo linalojulikana na wanasayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu iliyoongozwa na Terry Harrison ilifanya kazi huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Mashapo ya Wembere na Manonga yaliwekwa na ziwa na vinamasi vya zamani, na visukuku vyake vina umri wa takriban miaka milioni nne hadi tano na nusu. Walikuwapo viboko, mamba, samaki, nguruwe wa kale, farasi wadogo wenye vidole vitatu, na jamaa wa tembo aitwaye Anancus.

Maana yake ni kwamba meno ya Manonga ni ya zamani kuliko mabaki ya binadamu wa kale yaliyoipa Olduvai umaarufu. Lile fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Nasema hivi kwa fahari kidogo, mtanisamehe.

Sehemu iliyobaki ya mkoa wetu ni habari nyingine. Urambo, Kaliua, Sikonge na sehemu kubwa ya Uyui ziko juu ya mwamba wa zamani mno uliofunikwa na udongo wa miombo, na udongo huo hauna tabia ya kutunza mifupa. Jino la Sikonge, mpaka lithibitishwe vinginevyo, ni la mnyama wa karne hii au iliyopita.

Na Kigoma? Mimi naokota meno ufukweni mwa ziwa.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni la kale, lina mamilioni ya miaka, lakini historia yake imezama chini ya maji, kwenye mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Kinachotupwa ufukweni Ujiji au Kibirizi kwa kawaida ni cha hivi karibuni: mamba, kiboko, samaki, mbuzi wa sikukuu. Likiwa na umbo la koni na tupu kwa ndani, soma kuhusu mamba hapa chini.

Sawa, mahali nimeandika. Sasa ni la mnyama gani?

Hapa ndipo penye utamu. Chukua jino, ligeuze ili uso wa kutafunia ukutazame, na usogee kwenye mwanga wa dirisha.

Ukiona mikunjo ya nusu mwezi, miwili au minne, iliyochorwa na enameli, huyo ni mcheuaji: ng'ombe, nyati, mbuzi, kondoo, swala au twiga. Meno mengi ninayoletewa ni ya hao, na mengi kati ya hayo ni ya ng'ombe. Gego la ng'ombe ni refu, na katikati ya mikunjo, pembeni, lina kinguzo chembamba kinachopanda kutoka chini. Mbuzi na kondoo hawana kinguzo hicho. Twiga ana magego mafupi, mapana, na enameli yake imekwaruzika. Pitisha kucha utahisi. Nyati na ng'ombe kwa jino moja moja wanachanganya hata wazoefu, na hapo mahali ndipo panapoamua: ng'ombe wa kufugwa hawajawa huku kwa zaidi ya miaka elfu chache, kwa hiyo jino lililotoka ndani ya tabaka la mamilioni ya miaka haliwezi kuwa la kwao.

Ukiona nguzo ndefu ya pembe nne, nzito, na juu yake mistari ya enameli imejipindapinda kama herufi zilizoandikwa kwa haraka, huyo ni wa jamii ya farasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jino hili ndilo ambalo mtu wa Igunga anaweza kulisoma mwenyewe. Hakikisha kwanza ni gego la taya la juu. La juu uso wake unakaribia mraba, la chini ni jembamba. Tafuta upande wa ulimi. Utaona kiduara kirefu cha enameli. Kama kiduara hicho kimeungana na mikunjo mingine kwa shingo nyembamba, ni punda au pundamilia. Kama kimejitenga kabisa, kimezungukwa pande zote, basi mkononi una farasi wa vidole vitatu, na hao wametoweka.

Sasa unganisha na mahali. Jamii ya pundamilia iliingia Afrika takriban miaka milioni 2.3 iliyopita. Tabaka za Manonga zina zaidi ya milioni nne. Ukinionyesha jino la pundamilia ukaniambia umelitoa ndani ya tabaka hizo, kimoja kati ya viwili si sahihi: ama kusoma kwako kiduara, ama kauli yako kwamba lilikuwa ndani. Mara nyingi ni hilo la pili. Lilishuka na mvua likajibanza kwenye ufa.

Nguruwe ana magego yenye vilima vidogo vingi vya mviringo, na gego la mwisho ndilo refu kuliko yote. La ngiri wa leo limekuwa fungu la nguzo zilizobanana, refu na la juu. Nguruwe wa Manonga, aitwaye Nyanzachoerus, alikuwa na gego la mwisho fupi na la chini, lakini magego yake ya mbele yalikuwa makubwa ajabu. Katika koo kadhaa za nguruwe wa Afrika gego hilo la mwisho lilirefuka kadiri muda ulivyopita, ndiyo maana wanajiolojia hutumia meno ya nguruwe kukadiria umri wa tabaka pale ambapo hakuna njia nyingine. Nguruwe mmoja anaweza kukusaidia kuliko simba kumi.

Kiboko hutambulika kwa gego lililotumika: kila kilima kilichosagika huacha alama ya jani lenye ncha tatu. Chonge zake zina mifereji inayokwenda kwa urefu. Tembo wa leo ana gego la mabamba yaliyosimama yamegandishwa pamoja, na mara nyingi mtu huniletea bamba moja lililobanduka akidhani ni jiwe la kunolea. Anancus hakuwa na mabamba. Alikuwa na vilima vikubwa katika safu mbili, na vilima vya safu moja haviko sambamba na vya nyingine, vimepishana. Ukiona kupishana huko kwenye jino la ukubwa wa ngumi, usiniletee. Niite.

Mamba: koni, tupu kwa ndani kuanzia chini, haina mzizi uliofungwa, ina kingo mbili nyembamba pande zote mbili. Mamba hubadilisha meno maisha yake yote, ndiyo maana yametapakaa kila mahali palipowahi kuwa na maji. Kamongo ana bamba gumu lenye matuta makali. Watu hudhani ni kipande cha gamba la konokono. Ya panya na nungu ni meno membamba yaliyopinda, enameli iko upande wa mbele tu.

Na yupo muhanga. Jino lake halina enameli hata kidogo. Ni kijiti cha rangi ya chaki, mara nyingi chenye kiuno katikati, na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona limejaa vijitundu vya mirija midogo zaidi ya elfu. Hakuna mnyama mwingine aliye hai mwenye jino la namna hiyo. Hilo ndilo jino pekee ninaloweza kulitaja gizani.

Hili ni la simba?

Karibu kila mara ni chonge la mbwa, nyani dume au nguruwe. La simba ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Nimepata jino linalofanana na la mtu. Nifanyeje?

Linganisha kwanza na nyani. Gego la nyani na la tumbili lina vilima vinne vilivyopangwa wawili wawili, kila jozi imeungana kwa tuta, na katikati pana bonde linalokata kutoka shavuni hadi kwenye ulimi. La mtu ni la mviringo zaidi, vilima vinne au vitano havijaungana kwa matuta namna hiyo, na mifereji kati yake hukutana katikati. Sokwe wa Gombe, Mahale na Ugalla wako karibu na sisi zaidi kuliko nyani, na kwao jino moja halitoshi kwa mtu asiye mzoefu. Nguruwe mdogo pia hudanganya, ila ana vilima vidogo vya ziada kila kona.

Ukiwa na mashaka kuwa ni la mtu, acha kuchimba. Mjulishe mtendaji wa kijiji na polisi. Hata kama unaamini ni la zamani, si kazi yako wala yangu kuamua. Tabora na Ujiji zilikuwa kwenye njia ya misafara karne ya 19. Kwihara hapo nje ya mji, alipokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, ilikuwa kituo kikubwa. Wapagazi na watumwa wengi walikufa njiani na kuzikwa bila alama. Jino lililochongwa ncha au kukatwa kona linaweza kuwa la mtu wa wakati huo, kwani makabila mengi ya bara yalikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele. Hayo ni makaburi, na yanastahili heshima ya makaburi.

Jino moja linaweza kuthibitisha mnyama mpya?

Linaweza, na linaweza pia kuaibisha. Mwaka 1922 Marekani, Henry Fairfield Osborn alitangaza nyani mkubwa wa kale, karibu na binadamu, kutokana na gego moja lililosagika kutoka Nebraska. Walipochimba zaidi palepale walikuta lilikuwa la peccary, jamaa wa nguruwe wa Amerika, na mwaka 1927 dai likaondolewa. Kilichoamua ni kurudi mahali palepale.

Kinyume chake, mwaka 1935 Ralph von Koenigswald alikuta gego kubwa katika duka la dawa za Kichina Hong Kong, likiuzwa kama jino la joka. Hakujua limetoka pango gani. Alilitangaza kuwa la nyani mkubwa, Gigantopithecus, na alikuwa sahihi. Baadaye mataya machache na meno mengi sana yakapatikana kusini mwa China. Mpaka leo hakuna fuvu zima la mnyama huyo. Mwaka 2019 protini zilizobaki ndani ya enameli yake zilionyesha kuwa ni ndugu wa orangutan, nyani mkubwa wa Asia.

Mfano wa hapa nyumbani naupenda zaidi. Katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, alipatikana mtambaazi mdogo wa zaidi ya miaka milioni 100 ambaye meno yake ya nyuma yana vilima kama ya mamalia. Angeokotwa kwa jino moja tu, wengi wangemwita mamalia. Bahati nzuri alipatikana mzima, na fuvu lilikuwa la jamaa wa mamba. Wakamwita Pakasuchus, mwaka 2010. Bonde hilohilo limetoa nyani wa kale wawili, Rukwapithecus na Nsungwepithecus, wa miaka milioni 25, waliotangazwa mwaka 2013. Huyo wa pili anajulikana kwa kipande cha taya chenye gego moja. Lakini kipande hicho kilitoka ndani ya tabaka linalojulikana umri wake. Hapo jino moja lina nguvu.

Kwa hiyo nikikujibu "ni la jamii ya swala, zaidi ya hapo siendi", usidhani nakuficha.

Nimepewa jino la pembetatu lenye meno meno ya msumeno. Ni la papa?

Ndiyo. Na halijatoka Tabora. Muulize aliyekupa alilinunua wapi pwani.

Programu za simu zinazotambua kwa picha zinafaa?

Kwa majani na ndege, sawa. Kwa meno, nimeona programu ikiliita gego la mbuzi la kifaru na dakika ileile ikaliita la dinosaria. Haikuulizi ulipoliokota, na hilo tu lingetosha kuikataa.

Umri wake unapimwaje? Si kuna kipimo cha kaboni?

Kaboni hufika kama miaka 50,000 nyuma, na inahitaji protini iliyobaki. Kwa Manonga haina kazi. Sehemu zenye majivu ya volkano, kama Olduvai na Laetoli, hupimwa kwa madini yaliyomo ndani ya majivu. Manonga umri ulikadiriwa zaidi kwa kulinganisha wanyama wake na wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki ambazo tayari zimepimwa. Vinasaba sahau: joto letu huviharibu mapema mno.

Dalali anataka kununua jino langu. Niuze?

Usiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inahesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa mali ya urithi. Kuchimba kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Njia ya kawaida ni hii: mtendaji wa kijiji, kisha ofisa utamaduni wa wilaya, naye huwasiliana na Idara ya Mambo ya Kale.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye meno yasiyo ya kale. Pembe ya tembo na meno ya kiboko ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ukikamatwa na chonge la kiboko mfukoni, maneno "nilidhani ni kisukuku" hayatakusaidia sana mbele ya askari wa wanyamapori. Likiwa jeupe, lenye mafuta ya kunata au harufu, lipeleke ofisi ya wanyamapori mwenyewe, mchana kweupe, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Anayekuambia jino la kale ni dawa ya biashara au ya mapenzi anataka lako kwa bei ya chini. Hilo silijadili.

Meno hughushiwa?

Hughushiwa. Kashfa kubwa kuliko zote ilikuwa Piltdown, Uingereza: taya "la binadamu wa kale" lililotangazwa mwaka 1912 lilikuja kugundulika mwaka 1953 kuwa ni la orangutan, magego yamepigwa tupa ili yaonekane yamesagika kama ya mtu, kisha yakapakwa rangi. Mikwaruzo ya tupa ilionekana kwa hadubini. Ilichukua miaka 41 kwa sababu wakubwa waliona walichotaka kuona.

Nilioshe? Nilipake gundi?

Usilioshe kwa maji mengi wala kwa sabuni ya unga. Brashi laini ya mswaki, ikiwa kavu, inatosha. Kama limetoka kwenye udongo wenye unyevu, lisikauke juani; enameli hupasuka na kubanduka. Liweke kivulini, limefunikwa kwa kitambaa, likauke polepole. Gundi ya kukauka haraka ya dukani huingia kwenye mizizi na kuwazuia wataalamu kufanya vipimo baadaye. Likiwa limevunjika, weka vipande vyote pamoja na unga wake.

Litunze kwenye kopo la dawa au boksi la kiberiti lenye pamba, na karatasi ya mahali ikae ndani ya boksi hilohilo. Karatasi ikiwa nje itapotea wiki ijayo, nakuhakikishia.

Nikikutumia picha, nipige vipi?

Uso wa kutafunia kwanza. Hiyo ndiyo picha nitakayoiangalia kabla ya nyingine, na ndiyo ambayo watu huisahau. Kisha upande wa shavu, upande wa ulimi, mbele, nyuma, na mzizi kutoka chini. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni, kimo sawa na jino, si mbele yake. Zima mwanga wa simu. Tumia dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni ili mikunjo itoe kivuli. Usilishike kwa vidole. Na usinitumie picha ya jino peke yake bila maneno, maana nitakuuliza "wapi?" na tutapoteza siku.

Nimeshaliondoa mahali pake, na sikuandika chochote. Nilirudishe?

Hapana. Ukilizika upya utamdanganya atakayekuja kulikuta. Rudi palepale kama unapakumbuka, weka alama kwenye ramani, piga picha ya korongo, na uandike wazi kwamba lilihamishwa kabla ya kurekodiwa. Kama hupakumbuki vizuri, andika unachokumbuka kwa uaminifu: "kati ya kisima cha zamani na njia ya mnadani, msimu wa kiangazi". Hiyo nayo inatosha kumfikisha mtu kwenye korongo sahihi.